Injini Ndogo za Mvuke, na Jinsi Mtu Awezavyo Kuziunda kwa Mikono Yake

Neno garimoshi lingali katika vinywa vyetu, walakini moshi wenyewe umetoweka. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro mwezi wa Juni mwaka 2024, na mwezi wa Julai mwaka ule ule ikafika Dodoma. Treni za TAZARA, ambazo kituo chao kipo upande wa Temeke, zilivutwa na injini za dizeli tangu reli ile ilipofunguliwa mwaka 1976. Basi kijana aliyezaliwa Mbagala au Mwananyamala aweza kuwa mtu mzima, akaoa na kuzaa, pasipo kuiona hata mara moja injini iendayo kwa moto na maji. Ukimwuliza mvuke hufanyaje kazi, atakujibu kwa maneno aliyoyakariri darasani, nawe utaona mara kwamba hajapata kuyashika kwa mkono.

Twataka kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu na wazee wenye vijana wa kuwaongoza, kazi moja ambayo kwa macho ni mchezo lakini kwa ndani ni elimu. Nayo ni kuunda injini ndogo za mvuke, zenye silinda isiyozidi unene wa kidole gumba, ambazo huzunguka kweli kweli kwa nguvu ya mvuke. Katika nchi za Ulaya wako watu wengi wa kazi nyingine kabisa, makarani, matabibu, mafundi wa saa, ambao jioni huingia katika vyumba vyao vya kazi wakaunda injini za namna hii kwa mapenzi tu, wala hawaziuzi. Huko Uingereza gazeti la kazi hii, liitwalo Model Engineer, lilianzishwa mwaka 1898 na Bwana Percival Marshall, na mwaka huo huo chama cha wapenzi wake kikaundwa London. Walioanza wengi hawakuwa mafundi wa kusomea.

Yamkini msomaji atasema, huo ni mchezo wa watu walioshiba. Hatukubaliani naye. Mtoto wa Tandika akipata waya na kopo la mafuta ya kupikia hutengeneza gari lenye usukani, tena likakata kona. Mafundi wa Gerezani hugonga pipa kuukuu mpaka likawa jiko, ndoo au karai, na maseremala wa Keko huchonga vitanda na makabati yanayokwenda mikoani. Mikono basi tunayo. Kitu kilicho haba kwetu ni kipimo. Fundi wa jiko hupima kwa jicho, na jiko hupika. Kitanda kikipinda kidogo, mtu hulala. Injini haikubali jicho. Pistoni ikipungua unene wa unywele mmoja, mvuke hupita pembeni na gurudumu halizunguki. Ikizidi unene huo huo, hukwama. Hapana maneno ya kuibembeleza. Kijana aliyekwisha kuizoea adabu hiyo ndiye utakayemkabidhi pampu ya kisima cha kijiji au mashine ya kusaga, naye asiiharibu zaidi ya alivyoikuta.

Tena wasomaji wajue ya kuwa injini ndogo iliwahi kuifundisha dunia nzima. Katika mwaka 1763 au 1764 Chuo Kikuu cha Glasgow, katika nchi ya Scotland, kilikuwa na mfano mdogo wa injini ya Thomas Newcomen, yaani ile injini ya kuvuta maji migodini ambayo ya kwanza yake ilifanya kazi mwaka 1712. Mfano ule ulikuwa mbovu, akapewa James Watt autengeneze, maana alikuwa fundi wa vyombo vya kupimia hapo chuoni. Akautengeneza, lakini hata ulipokuwa mzima ulipiga mapigo machache tu ukasimama, kwa kuwa mvuke wote ulikwisha. Watu wengine wangalisema, ni kwa sababu ni mdogo, wakaenda zao. Watt akauliza, udogo wadhuru kwa njia gani?

Jibu lake laweza kufundishwa kwa hesabu ya ubaoni. Chukua silinda, uifanye ndogo nusu kwa kila upande. Eneo la ngozi yake litakuwa robo, lakini nafasi iliyomo ndani yake itakuwa thumuni. Maana yake, katika silinda ndogo kila tone la mvuke hukuta chuma baridi mara mbili kuliko katika ile kubwa. Katika injini ya Newcomen maji ya baridi yalirushwa ndani ya silinda kila pigo ili mvuke ugeuke maji, kwa hiyo silinda ilipoa kila mara, na mvuke uliofuata ulipotea kwa kuipasha moto upya. Injini kubwa zilikuwa na ugonjwa ule ule, ila ukubwa wao uliuficha. Mwaka 1765 Watt akapata shauri la kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni, silinda yenyewe ibaki na moto wake siku zote. Akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi huo mwaka 1769. Viwanda, meli na reli za karne iliyofuata vilitoka katika mfano ule uliokataa kwenda.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Maji yakichemka katika hewa wazi, kikombe kimoja hutoa mvuke wa vikombe zaidi ya 1,600. Mvuke huo ukifungiwa hutafuta nafasi na kusukuma kila upande. Kifuniko cha sufuria kinachorukaruka juu ya maharage ni shahidi wa jambo hili. Injini ni ufundi wa kuuruhusu msukumo huo upite mahali pamoja tu, kwa zamu.

Injini ya kuanzia ni ile ya silinda iyumbayo. Silinda yake haikufungwa imara, bali imetundikwa juu ya msumari mmoja, ikaegemea bamba lililonyooka sana, na springi huibana isiachane nalo. Katika bamba mna matundu mawili: moja laleta mvuke, na la pili latoa mvuke uliokwisha kazi. Katika ubavu wa silinda mna tundu moja tu. Fimbo ya pistoni imeunganishwa moja kwa moja na mkono uzungushao gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka, silinda huyumba kushoto na kulia kama mtu abembezaye mtoto. Ikiinama upande mmoja, tundu lake hukutana na lile la mvuke, na pistoni hushuka kwa nguvu. Ikiinama upande wa pili hukutana na tundu la kutokea, na mvuke uliochoka huenda zake wakati pistoni inapopanda. Silinda ikisimama wima, tundu lake huwa kati ya yale mawili, limezibwa. Hapo uzito wa gurudumu ndio uivushao. Hakuna vali nyingine yo yote.

Vifaa havitoki mbali. Shaba ya njano hupatikana katika koki za maji zilizokufa, ambazo wauza vyuma chakavu huzipima kwa kilo. Bomba jembamba la shaba nyekundu hutoka katika friji mbovu. Spoku ya pikipiki hufaa kuwa fimbo ya pistoni, kwa kuwa imenyooka na ni chuma kigumu. Gurudumu la cherehani kuukuu ni zito na limekwisha kusawazishwa na kiwanda. Kwa silinda, atafutwe kipande cha bomba la shaba ya njano ambalo ndani yake ni laini, upana wa tundu milimita 12, na pistoni iende mwendo wa milimita 24. Mwenye mashine ya kukereza karibu naye hana shida ya kupata pistoni ya mviringo kamili. Na katika chuo cha VETA cha Chang'ombe, hapo hapo Temeke, vijana hufundishwa kazi za vyuma, kwa hiyo si vigumu kumpata mtu aijuaye mashine hiyo.

Kazi ngumu kuliko zote si kukereza, ni kunyosha. Uso wa silinda na uso wa bamba hapana budi vikutane pasipo nafasi hata ya pumzi. Mafundi wa zamani walikuwa na mawe ya chuma yaliyonyoshwa kwa kazi hii. Mtu wa kwetu atumie kioo kinene cha dirisha, maana kioo cha kiwandani kimenyooka kuliko meza yo yote ya fundi. Aweke msasa laini juu ya kioo, atie matone ya mafuta, ausugue uso wa shaba polepole kwa mwendo wa duara, na kila mara aufute na kuutazama. Mahali paling'aa ni mlima, mahali pa giza ni bonde. Atasugua mpaka rangi iwe moja. Kazi hii yaweza kumaliza jioni tatu au nne, na hapa ndipo wengi huacha. Sisi twaona ni heri aache hapa kuliko kuendelea na uso mbaya, kwa sababu injini itamlipa kwa kutoa mvuke kila mahali isipokuwa panapotakiwa.

Injini ikiisha kuunganishwa, isipelekwe kwenye moto. Ijaribiwe kwa upepo. Bomba la pampu ya baiskeli liunganishwe na tundu la mvuke, mtu mmoja apige pampu na wa pili aanzishe gurudumu kwa kidole. Ikienda kwa upepo, na kwa mvuke itakwenda. Mwalimu aweza kuishia hapo kabisa: injini iendayo kwa pampu huonyesha yote yapasayo kuonyeshwa, pistoni, matundu, zamu ya kuingia na kutoka, na hakuna mtoto atakayeungua. Kwa kweli hatuoni sababu ya darasa la watoto hamsini kukusanyika mbele ya boila.

Maana boila ni habari nyingine, na hapa twaomba wasomaji wasipite haraka.

Mtu akisikia kwamba injini yenyewe ni ndogo, hudhani na hatari yake ni ndogo. Na afanye hesabu. Boila yenye upana wa milimita 75, ambayo ni kama kopo la maziwa, kifuniko chake kina eneo la sentimita za mraba 44. Msukumo wa mvuke ukiwa kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba, kifuniko kile kimoja chasukumwa na uzito wa kilo 132, yaani zaidi ya mifuko miwili na nusu ya saruji, usiku na mchana ikiwa moto hauzimwi. Tena kwa msukumo huo maji hayachemki katika digrii 100, bali karibu na digrii 143. Boila ikipasuka, msukumo hutoweka ghafula, na maji yale yenye moto wa kupita kiasi hugeuka mvuke papo hapo. Lita moja tu hutoa mvuke wa zaidi ya lita 100 kwa mara moja. Huo ndio mripuko. Hautoki katika mvuke uliokuwapo, bali katika maji.

Sasa yuko atakayesema, "Bwana, mimi ninalo tangi la karabai, la shaba, limetengenezwa kiwandani, kwa nini nihangaike?" Tangi la karabai liliundwa lishike upepo uliopigwa kwa mkono, nalo hukaa baridi. Halikuundwa liwekwe juu ya moto. Na kopo la rangi au la mafuta ni bati jembamba ambalo mishono yake imekunjwa tu. Mtungi mtupu wa chuma huonekana imara kwa nje, lakini maji ya moto huula kutu kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki, na siku ya kupasuka hautoi hodi. Hata shaba ya njano haifai kwa boila ya kudumu, maana ina zinki ndani yake, na maji ya moto huitoa zinki hiyo kidogo kidogo mpaka chuma kibaki kama sponji. Hivi vyote tumevitaja kwa kuwa ndivyo vilivyo karibu na mkono, na kilicho karibu ndicho kiuacho.

Boila ndogo hutengenezwa kwa shaba nyekundu. Kwa upana ule tulioutaja, unene wa bati usipungue milimita 1.6, na vifuniko vilivyo bapa vishikwe kwa ndani na vijiti vya shaba visivimbe. Viungo vyote vilehemiwe kwa lehemu ya fedha, ambayo huyeyuka kwa moto wa zaidi ya digrii 600. Lehemu laini ya risasi na bati, ile itumiwayo na mafundi wa redio, huyeyuka kuanzia digrii 183. Mtu aweza kusema, maji yana digrii 143 tu, nafasi ipo. Nafasi ipo maji yakiwapo. Yakipungua na moto ukilamba shaba tupu, digrii 183 si mbali, na kiungo huachia wakati mvuke ungali na nguvu zake zote.

Vitu viwili haviachwi. Cha kwanza ni bomba la kioo pembeni, kuonyesha kimo cha maji. Cha pili ni vali ya salama: gololi isiyoshika kutu, iliyokaa juu ya tundu na kubanwa kwa springi, ambayo huinuka yenyewe mvuke unapozidi kipimo. Tundu lake liwe pana kiasi cha kutoa mvuke wote ambao moto waweza kuufanya. Vali itoayo nusu tu ni ya kupendezea macho.

Kabla ya moto wa kwanza boila hujaribiwa kwa maji baridi. Hujazwa mpaka pomoni, pasiwe na hewa hata kidogo, ndipo husukumwa kwa pampu ndogo ya maji mpaka mara mbili ya msukumo utakaotumika, huku kipimo cha saa kikitazamwa. Wengine huona ajabu, kwamba jaribio kubwa zaidi ndilo lisilo na hatari. Sababu ni kwamba maji baridi hayabonyei. Hayaweki nguvu ndani yake kama springi. Boila ikiwa na ufa, hutoa matone, na sindano ya kipimo hushuka. Basi. Ukijaribu kwa upepo au kwa mvuke, ufa ule ule waweza kuwa msiba. Waingereza walijifunza haya kwa vifo vingi viwandani, hata bunge lao likatunga sheria mwaka 1882 kwamba miripuko ya boila ichunguzwe na kuandikwa. Hapa Tanzania boila za viwandani hukaguliwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, kwa sheria ya mwaka 2003. Mwenye boila ndogo nyumbani ajikague mwenyewe kwa ukali ule ule, na jaribio la maji alirudie kila mwaka.

Kwa mtu atakaye kuona nguvu ya mvuke pasipo boila, iko mashua ndogo ambayo hati yake ya uvumbuzi ilitolewa Uingereza mwaka 1891 kwa Thomas Piot. Bomba jembamba la shaba huviringwa mara mbili au tatu, ncha zake zote mbili zikatokea nyuma ya mashua, chini ya maji. Bomba hujazwa maji, na mshumaa huwashwa chini ya mviringo. Maji yaliyomo huchemka, mvuke huyasukuma nje kwa nyuma, kisha mvuke hupoa na kuyavuta mengine ndani, na tena, na tena. Mtoto mwerevu atauliza, kama hutoa na kuvuta, kwa nini mashua haisimami mahali pamoja? Ni kwa sababu maji yatokayo huruka kwa mstari mmoja kwenda nyuma, bali yaingiayo huja kutoka pande zote. Ncha zikiwa wazi hakuna msukumo ufungwao, wala kitu cha kupasuka. Beseni la kufulia latosha kuwa bahari yake.

Mtu akiisha kuishinda injini ya silinda iyumbayo, huanza kutamani garimoshi. Na apige hesabu kwanza. Reli yetu ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja. Reli ndogo ya milimita 127, ambayo hutumiwa sana na wapenzi wa kazi hii, ni karibu sehemu ya nane ya hiyo. Yatazameni yale magarimoshi makubwa ya Garratt ya aina ya 59, yaliyoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, 34 kwa hesabu, yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki na kufanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi. Kila moja lilikuwa na uzito wa tani 252. Mfano wa sehemu ya nane huwa na urefu wa thumuni, lakini uzito hugawanywa kwa nane mara tatu, yaani kwa 512. Hata hivyo utabaki na karibu nusu tani ya chuma. Hiyo si kazi ya mtu mmoja mwenye chumba cha kupanga Tandale. Achague garimoshi dogo lenye magurudumu manne, nalo litampa miaka ya kutosha. Atakaye kuliona Garratt lenyewe na aende Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ambako limo moja liitwalo Mount Gelai. Achukue futi ya kupimia na daftari. Asitegemee sana meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, ingawa iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa nguvu ya mvuke, maana mashini zake za mvuke zilitolewa katika miaka ya 1970 zikatiwa za dizeli.

Injini yo yote, kubwa au ndogo, ikiisha kazi yake ya jioni itunzwe siku ile ile. Moto uzimwe, msukumo uachwe ushuke wenyewe mpaka sindano ilale, ndipo koki ya chini ifunguliwe maji yatoke wakati boila ingali vuguvugu, ili joto lililobaki likaushe ndani. Silinda itiwe matone mawili ya mafuta mazito, na gurudumu lizungushwe kwa mkono yaenee. Chuma kifutwe chote, kisha injini ifunikwe kwa kitambaa kikavu na kuwekwa mbali na dirisha, maana hewa ya pwani ina chumvi.